KWA NINI UMEME HUSHIKA MKONO

Katika mto Kongo na katika ziwa Tanganyika yuko samaki mmoja mnene, asiye na magamba, mwenye sharubu ndefu mdomoni. Wavuvi wanamjua sana. Akinaswa wavuni, hawamshiki kwa mkono mtupu, kwa maana amshikaye hupigwa na pigo kali kutoka vidoleni mpaka begani. Mvuvi asiyejua hudanganyika mara moja tu. Samaki huyo anao umeme mwilini mwake, na aliye mkubwa huweza kutoa umeme wa volti 350. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 220.

Tazameni jinsi anavyojipatia chakula. Pigo lake moja ni fupi mno. Huisha kabla ya sehemu ya mia ya sekunde. Lakini hatoi pigo moja. Hutoa mengi, moja nyuma ya lingine, upesi kuliko mpiga ngoma yeyote. Samaki wadogo walio karibu hukakamaa kama vijiti, hawawezi kuogelea wala kukimbia, naye huja polepole na kuwameza.

Kumbe umeme hauumizi kwa wingi wake tu. Upesi wa mapigo pia una kazi yake. Jambo hilo watu wengi hawalijui, hata wale wanaotumia umeme kila siku, na kwa sababu ya kutolijua wengine wamekufa.

Mwilini mwetu nyama zifanyazo kazi huitwa misuli. Ukitaka kufunga ngumi, ubongo hutuma habari kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka misuli ya mkono. Habari hiyo yenyewe ni umeme mdogo sana. Ndiyo maana umeme utokao nje ukiingia mwilini, misuli hudhani ni amri ya ubongo, nayo hutii. Mwalimu mmoja wa mji wa Bologna katika nchi ya Italia, jina lake Luigi Galvani, aliandika habari hiyo katika mwaka 1791. Aliona miguu ya chura aliyekufa ikitupa teke kila ilipoguswa na umeme. Chura amekufa, lakini mguu unaruka! Watu wa siku zile walistaajabu sana.

Pigo moja la umeme, teke moja. Baadaye msuli hulegea. Lakini kama pigo la pili linakuja kabla msuli haujalegea, itakuwaje? Msuli hukaza tena. Likija la tatu, na la nne, na la thelathini, yote katika sekunde moja, msuli haupati nafasi ya kulegea hata kidogo. Unabaki umekaza. Ndivyo wanavyokakamaa wale samaki wadogo.

Sasa tutoke mtoni tuingie nyumbani. Umeme ni wa namna mbili. Wa kwanza ni ule utokao katika mawe ya tochi na katika batri ya motokari. Huo huenda upande mmoja tu, kama maji ya mto Lualaba, ambayo hamjayaona hata siku moja yakirudi juu. Tutauita umeme wa njia moja. Wa pili ni ule wa taa za nyumba na mashini za viwanda. Huo huenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, bila kupumzika. Mmewaona wapasua mbao wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini, wakivuta msumeno mrefu? Msumeno hauendi safari. Unakwenda na kurudi mahali pale pale, lakini ubao unapasuka. Huo umeme wa pili hufanya kazi kama msumeno ule. Tutauita umeme wa kwenda na kurudi.

Je, huenda na kurudi mara ngapi? Katika Kongo, kama katika Ulaya, ni mara 50 kwa sekunde moja. Katika Marekani ni mara 60. Hesabu hiyo mafundi wetu huiita frekansi. Sisi tutasema marudio. Kipimo chake huitwa hezi, kwa ajili ya kumkumbuka Mjerumani Heinrich Hertz. Basi hezi 50 maana yake ni kwenda na kurudi mara 50 katika sekunde moja. Kila safari ina kusukuma mara mbili, mara moja kwenda na mara moja kurudi. Kwa hiyo mwenye kugusa uzi wa umeme husukumwa mara 100 kabla hajamaliza kusema jina lake.

Ni nani aliyechagua 50? Hakuna aliyefikiri juu ya mwili wa mtu. Mwisho wa karne ya 19 kila kampuni ilikuwa na marudio yake, huyu 25, yule 133. Marudio yakiwa machache mno, taa hupepesa na kuumiza macho. Yakiwa mengi mno, mashini za siku zile hazikufanya kazi vizuri. Mafundi wakakubaliana polepole katikati, kwa faida ya taa na mashini. Katika mwaka 1952 hata gari la moshi la Katanga, kati ya Jadotville (leo twaita Likasi) na Tenke, lilianza kuvutwa na umeme wa hezi 50, wakati nchi nyingi zilikuwa bado hazijajaribu. Hesabu hiyo ilifaa kwa kazi. Lakini kwa bahati mbaya, marudio yafaayo taa ndiyo hayo hayo yanayokaza misuli yetu kuliko mengine.

Mwalimu mmoja wa Marekani, Charles Dalziel, wa chuo kikuu cha California katika mji wa Berkeley, alitaka kujua jambo hilo kwa kipimo. Katika miaka ya 1940 aliwaita watu waliokubali kwa hiari yao, wanaume 134 na wanawake 28. Kila mmoja alishika uzi wa shaba kwa mkono uliolowa. Umeme uliongezwa kidogo kidogo, naye aliambiwa: «Achia!» Mwanzo wote waliachia kwa urahisi. Umeme ulipozidi, mkono haukusikia tena amri ya mwenyewe. Mtu anataka kufungua vidole, anakaza meno, anatoka jasho, na vidole vinazidi kufunga. Sababu yake ni nyepesi: misuli ifungayo ngumi ina nguvu kuliko misuli ifunguayo. Umeme unaikaza yote pamoja, lakini yenye nguvu ndiyo ishindayo.

Wingi wa umeme upitao hupimwa kwa ampere, na sehemu moja ya elfu ya ampere huitwa miliampere. Katika umeme wa kwenda na kurudi wa hezi 60, wanaume, wakihesabiwa wote pamoja, walishindwa kuachia kwenye miliampere 16. Wanawake kwenye 10 na nusu. Mtoto, mwenye mwili mdogo, ni chini ya hapo. Je, miliampere 16 ni nyingi? Taa moja ya wati 100 katika nyumba hula miliampere 450. Umeme wa taa moja tu ungetosha kushika mikono ya watu zaidi ya 25.

Kisha Dalziel akajaribu umeme wa njia moja. Wanaume walivumilia mpaka miliampere 76. Tena mkono haukushikwa kwa namna ile. Kilichowazuia ni maumivu ya pigo walipokuwa wakiachia. Akajaribu na marudio mengi sana, mara 10.000 kwa sekunde. Hapo wanaume walifika 75. Angalieni: bila marudio, 76, marudio 10.000, 75, marudio 60, ni 16 tu. Hatari iko katikati.

Huenda mtoto mwenye akili atauliza: «Kama kusukuma mara 100 ni kubaya, kwa nini kusukuma mara 20.000 si kubaya zaidi?» Ni swali zuri. Tufikiri kwa mifano.

Umekaa darasani, na mwenzako akakuwekea mkono begani ghafula. Unastuka. Lakini akiuacha mkono palepale bila kuutikisa, hustuki tena. Baada ya kitambo kidogo unausahau. Mshipa wa fahamu ni vivyo hivyo. Hustuka wakati umeme unapoanza na wakati unapokatika, na katikati hutulia kidogo. Huo ni umeme wa njia moja. Lakini mwenzako akikupiga bega tena na tena, huwezi kutulia. Huo ni umeme wa hezi 50.

Sasa fikirini mlango mkubwa wa kanisa, ule mzito wa mbao ngumu. Ukiusukuma kwa muda unaotosha, unafunguka. Lakini ukiusukuma na kuuvuta, ukiusukuma na kuuvuta, upesi upesi mno, mlango hauendi popote. Kabla haujaanza kufunguka, umekwisha kuuvuta. Mshipa wa fahamu nao ni mzito kwa kadiri yake. Unataka kusukumwa kwa muda wa karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde ndipo uamke. Kwenye hezi 50 kila msukumo unadumu sehemu kumi za elfu. Muda unatosha na kubaki. Kwenye marudio 100.000 kila msukumo ni mfupi mno, na ule urudio unaufuta ule uliotangulia. Mshipa hausikii kitu.

Daktari Mfaransa, Arsène d'Arsonval wa Paris, alionyesha jambo hilo kati ya mwaka 1890 na 1900. Alitengeneza umeme wa marudio mengi sana, mamia ya maelfu kwa sekunde. Akaupitisha mwilini mwa watu wawili wenye kushika taa katikati yao. Taa ikawaka, na watu wale wakasimama kimya, hawakustuka hata kidogo. Umeme ambao ungewaua kama ungekuwa wa hezi 50 uliwapita kama joto tu.

Msidhani huo ulikuwa mchezo wa kustaajabisha watu basi. Katika hospitali kubwa za leo, waganga wanapopasua wagonjwa hutumia kisu cha umeme. Kisu hicho kinakata nyama na kuziba mishipa midogo ya damu papo hapo. Kama kingetumia umeme wa prizi, mgonjwa angerukaruka mezani na moyo wake ungesimama. Lakini umeme wa kisu huenda na kurudi mara laki tatu au tano, au zaidi, kwa sekunde. Misuli inalala, na joto peke yake ndilo lifanyalo kazi. Daktari Harvey Cushing wa Boston alikitumia katika mwaka 1926, pamoja na William Bovie aliyekitengeneza, akaweza kuondoa vivimbe vya kichwani ambavyo zamani havikuweza kuguswa kwa sababu ya damu nyingi.

Neno «joto» mlishike vizuri. Umeme wa marudio mengi hauchezeshi misuli, lakini unachoma. Kadhalika umeme wa njia moja. Kutoka Inga, karibu na bahari, mpaka Kolwezi katika Katanga, ipo njia ya nyuzi ndefu ya kilomita 1.700, iliyoanza kazi katika mwaka 1982. Umeme wake ni wa njia moja, kwa sababu katika safari ndefu namna ile hupotea kidogo zaidi. Ukifika Kolwezi, mashini huugeuza tena uwe wa hezi 50. Basi mtoto mmoja akisema: «Mwalimu alitufundisha kwamba umeme wa njia moja hauna hatari, nitapanda nguzo,» huyo hakusikia somo. Uzi ule una volti 500.000. Mtu akiukaribia tu, kabla hajaugusa, umeme unaruka hewani na kumchoma kama kuni. Mambo ya marudio tunayosema hapa ni ya umeme ulio mdogo kwa kiasi. Mbele ya umeme mkubwa hayasaidii kitu.

Tumesema juu ya mkono. Imebaki kusema juu ya moyo, na hapo ndipo kifo kilipo.

Moyo ni msuli, lakini Mungu hakuuumba kama misuli mingine. Hauhitaji amri ya ubongo ili upige. Ndani yake iko sehemu ndogo ianzishayo kila pigo, na pigo hilo hupita vyumba vya moyo kwa utaratibu: vya juu kwanza, kisha vya chini. Mtu mzima aliyetulia moyo wake hupiga karibu mara 70 kwa dakika. Baada ya kila pigo moyo hujitengeneza tayari kwa pigo lijalo. Katika kujitengeneza huko kuna kitambo kifupi ambacho moyo ni dhaifu. Msukumo wa umeme ukiingia wakati huo, utaratibu wote unavunjika. Kila uzi wa nyama ya moyo unacheza peke yake, huu ukikaza, ule ukilegea. Moyo unatetemeka kama mfuko wenye funza ndani yake, na damu haiendi tena. Mtu anaanguka, na baada ya dakika chache amekufa.

Pigo moja tu la umeme huenda likapita bila kukutana na kitambo kile. Lakini umeme wa hezi 50 unasukuma mara 100 kwa sekunde. Ukipita kifuani sekunde moja, lazima utakuta moyo katika udhaifu wake. Ndiyo maana miliampere 50 au 100 tu, zikidumu, huweza kuua. Kwa umeme wa njia moja yatakiwa karibu mara nne ya kiasi hicho. Kwa umeme wa hezi 1.000, zaidi ya mara kumi. Waganga wawili wa Geneva, Jean-Louis Prévost na Frédéric Battelli, waliuona mtetemeko huo katika mbwa katika mwaka 1899. Wakaona tena jambo la ajabu: pigo moja lenye nguvu zaidi huweza kuutuliza moyo unaotetemeka, ukaanza upya. Kutokana na hayo zimetengenezwa mashini za kuamsha moyo zilizomo katika hospitali.

Mwunganishe sasa mkono na moyo. Umeme wa nyumba unashika mkono, hauachii. Kwa kuwa hauachii, unadumu. Jasho linatoka, ngozi inalowa, na ngozi iliyolowa huuzuia umeme kidogo tu. Basi umeme unaongezeka. Mwisho moyo unatetemeka. Aliyepigwa na kutupwa kando mara nyingi hupona. Aliyeshikwa, kila sekunde ni deni.

Kwa hiyo mkimwona mtu ameshika uzi akitetemeka na kushindwa kusema, msimguse. Najua moyo utawaambia: «Ni mama yangu, nimvute!» Lakini ukimshika, mkono wako nao utafunga, na mtakuwa wawili. Imetokea katika nyumba nyingi kwamba baba alikwenda kumwokoa mwana, na kaka akaenda kumwokoa baba. Kimbieni kwenye disjonkteri, mkate umeme wa nyumba nzima. Kama disjonkteri haijulikani ilipo au imefungwa mahali, mtu mzima asimame juu ya ubao mkavu na kuusukuma uzi kwa mti mkavu, mrefu. Mti mbichi haufai, wala chuma, wala kitambaa chenye maji. Akiisha kutolewa na hapumui, atakayejua asukume kifua chake katikati, kwa nguvu na upesi, karibu mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha, huku wengine wakiita msaada. Hata akiinuka na kucheka, apelekwe kwa daktari, kwa maana moyo uliopigwa huweza kukosea baadaye.

Hayo ni ya nyumbani. Uzi mkubwa wa njiani ni habari nyingine. Tarehe 2 Februari 1922 isingekuwa kitu. Lakini tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala, upande wa magharibi wa Kinshasa, uzi wa umeme mkubwa ulikatika na kuanguka. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ile, na mfereji ulikuwa umejaa maji. Watu 26 walikufa, wengi wao wanawake waliokwenda kuuza na kununua. Hawakushika uzi, maji yaliwaletea umeme miguuni. Uzi kama ule ukilala chini, hakuna ubao wala mti utakaokusaidia. Kaeni mbali, zaidi ya mita 10, na penye maji mbali zaidi. Msitume mdogo wenu kwenda kutazama. Mwite mtu wa shirika la umeme, naye aukate kule utokako.

MAULIZO

1. Mawe ya tochi hutoa umeme wa namna gani? Taa ya darasa je?
2. Kwa nini msuli haulegei katika umeme wa hezi 50?
3. Umeme wa hezi 50 huenda na kurudi mara ngapi kwa dakika moja? Fanya hesabu.
4. Eleza kwa mfano wa mlango wa kanisa kwa nini kisu cha daktari hakimrushi mgonjwa.
5. Moyo wa mtu unapiga mara 70 kwa dakika. Wakati wa pigo moja la moyo, umeme wa nyumba umesukuma karibu mara ngapi?
6. Kaka yako ameshikwa na uzi jikoni, na sakafu imelowa. Sema utakimbilia wapi kwanza. Je, unajua disjonkteri ya nyumba yenu iko wapi?